UZI: Mvua ya Goma ni maji ya bahari mbili, tusiangalie ziwa peke yake

Mwalimu_Katindo (mwanzisha uzi)

Yambo wote.

Kila wingu jeusi likisimama upande wa Sake, hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu, lazima utasikia mtu anasema: "Ziwa limevuta maji, sasa linatumwagia." Nimelisikia soko la Virunga, nimelisikia kwa waendesha pikipiki, nalisikia darasani kila mwaka. Nataka tulizungumze kwa kirefu, maana naona fikra hii inatufanya tuangalie mahali pasipo na jibu. Mkulima wa Kibumba anayetaka kujua msimu ujao utakuwaje hawezi kulisoma ziwa akapata habari. Habari inaanza kwenye maji ya chumvi, zaidi ya kilomita 1,100 mashariki yetu, na mengine karibu kilomita 1,900 magharibi.

Kwanza hesabu, ili tusibishane hewani. Ziwa Kivu lina eneo la kama kilomita za mraba 2,400 ukiondoa visiwa. Bahari zote za dunia zina kama milioni 361. Yaani bahari ni kubwa kuliko Kivu mara 150,000. Karibu asilimia 97 ya maji yote ya dunia yako baharini, na katika mvuke wote unaopanda angani kila siku, asilimia kama 86 unatoka huko. Uliobaki ndio wa maziwa, mito, udongo na miti kwa pamoja.

Sasa mtu ataniuliza: maji ya Mombasa yanafikaje Goma? Yanakuja na upepo. Jua likipiga uso wa bahari, maji yanageuka mvuke na chumvi inabaki chini. Mvuke huo hauonekani kwa macho. Kwa wastani unakaa angani siku kama tisa kabla ya kurudi chini kama mvua. Siku tisa ni nyingi: upepo wa kilomita 20 kwa saa unamaliza kilomita 480 kwa siku moja. Kutoka pwani ya Kenya hadi Kivu ni safari ya siku tatu. Kutoka Moanda, pwani ya Atlantiki, ni siku nne.

Lakini mvuke wa Atlantiki kwa kawaida hauji moja kwa moja. Unanyesha Mayombe, unanyesha Equateur, miti inayanywa maji yale kwa mizizi na kuyatoa tena kwa majani, yanakuwa mvuke upya, upepo unayasukuma mbele, yananyesha Tshopo, yanatoka tena. Tone linaloangukia Masisi huenda limeshakuwa mvua mara kadhaa njiani. Msitu wa Kongo ndio unaoyabeba maji ya Atlantiki hadi kwetu, na kwa hiyo kila mti unaokatwa katikati ya nchi unatuhusu sisi wa mashariki, hata kama hatuujui ulikosimama.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni hii: Goma na Bukavu ziko karibu kabisa na mpaka wa hewa mbili. Wataalamu wa hali ya hewa wanauchora kwenye ramani zao, mstari unaotenganisha hewa yenye asili ya Atlantiki na Kongo na hewa inayotoka Bahari ya Hindi. Kwa miezi mingi mstari huo unatembea jirani na Bonde la Ufa, mara unasogea mashariki, mara unarudi magharibi. Hewa ya Hindi mara nyingi imeshamwaga maji mengi njiani kabla ya kutufikia. Hewa ya magharibi ndiyo nzito zaidi kwa unyevu. Siku upepo wa magharibi unapopata nguvu na kuvuka Ufa, mvua inakuwa kubwa hadi Ziwa Victoria.

Halafu kuna milima. Nyiragongo ina mita 3,470, Karisimbi 4,507, Kahuzi 3,308. Hewa yenye unyevu ikigonga ukuta huo haina njia ila kupanda. Ikipanda inapoa, kwa kadiri ya nyuzi sita hivi kila mita elfu moja, na hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke wote iliokuwa nao. Unageuka matone. Huo ndio mwanzo wa wingu unaloliona limevaa Nyiragongo saa nane mchana.

Kuhusu majira: jua linapita juu ya Ikweta mwezi Machi na mwezi Septemba, na ukanda mkubwa wa mvua unalifuata kwa kuchelewa kidogo. Ndiyo maana tuna misimu miwili, Septemba hadi Desemba na Machi hadi Mei, na kiangazi kirefu Juni hadi Agosti. Sitakaa hapo, kila mwenye shamba anajua msimu A na msimu B.

Kinachobadilika mwaka hadi mwaka ni joto la bahari. Maji yanashika joto kwa nguvu sana: mita tatu tu za juu za bahari zina uwezo wa kubeba joto sawa na hewa yote iliyo juu yake hadi mwisho wa anga. Kwa hiyo bahari ikipata joto haliachi kesho. Linakaa miezi. Na miezi hiyo ndiyo inayotupa nafasi ya kujua jambo kabla halijafika.

Katika Bahari ya Hindi kuna hali ambayo wanasayansi waliieleza vizuri mwaka 1999 na kuiita Dipoli. Miaka mingine maji ya upande wa Afrika yanapata joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yanapoa. Hewa inapanda zaidi upande wetu, na mvua za Oktoba hadi Desemba zinakuwa nyingi Afrika Mashariki. Ilitokea 1961, ikatokea 1997, ikatokea kwa nguvu 2019, ikatokea tena 2023. Baada ya mvua za 1961 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita moja na halikushuka upesi, na Tanganyika nayo ikajaa. Miaka mingine inakuwa kinyume, kama 2016 na 2022: upande wetu wa bahari unapoa na mvua za mwisho wa mwaka zinapungua. Athari ni kali zaidi Kenya na Somalia. Kwetu ni ndogo kuliko huko, lakini ipo.

Naomba michango. Hasa nataka kusikia kutoka Bukavu, na kutoka Lubumbashi ambako majira si kama yetu.

---

Mvuvi_wa_Kituku

Mwalimu, aksanti kwa kazi hii, ila hapa sikubali yote. Mimi nalala ziwani. Sisi wavuvi wa samaki wadogo wa sambaza tunatoka jioni na taa, tunarudi alfajiri. Radi inatuzukia katikati ya ziwa usiku wakati mjini nyota zinaonekana. Wingu lile halikutoka Mombasa, nimeliona likizaliwa mbele ya macho yangu, juu ya maji. Utaniambiaje ziwa halileti mvua?

---

Mwalimu_Katindo

Ndugu yangu mvuvi, ulichokiona ni kweli na ni muhimu kuliko nusu ya vitabu vyangu. Ngoja nieleze.

Mchana mawe ya volkano na vilima vinapata joto haraka, maji ya ziwa yanabaki kwenye nyuzi 23 au 24. Hewa inapanda juu ya nchi kavu, upepo unavuma kutoka ziwani kwenda mlimani, na mawingu ya alasiri yanajikusanya juu ya vilima. Usiku inageuka. Vilima vinapoa, hewa ya baridi inateremka mabonde hadi ziwani, inakutana katikati na kuisukuma juu hewa ya ziwa iliyo na joto. Hapo wingu linazaliwa, tena juu ya maji, kama ulivyosema. Mnaovua usiku mnakuwa chini yake kabisa.

Kwa hiyo ziwa linaamua *wapi* na *saa ngapi*. Lakini maji mengi yaliyo ndani ya wingu lile yalikuwa tayari angani, yameletwa na upepo wa mbali. Ushahidi uko Julai: ziwa lipo pale pale, joto lake halijabadilika sana, upepo wa usiku unateremka vile vile, na wiki zinapita bila mvua ya maana. Kinachokosekana ni unyevu wa kutoka mbali.

Na kuhusu radi, muwe na hadhari kweli. Vipimo vya setilaiti vimeonyesha mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na ya kwanza Afrika.

---

Mama_Shukuru

Mimi swali langu ni dogo. Mtoto aliniuliza nikashindwa: kama mvua ni ya baharini, mbona si ya chumvi?

---

Agro_Lwiro

Mama Shukuru, chumvi haiwezi kugeuka mvuke kwa joto la jua. Chukua maji ya chumvi kwenye sahani, weka juani mpaka yakauke: utaona unga mweupe umebaki. Mtoto ajaribu mwenyewe, atafurahi.

Lakini kuna kitu kizuri zaidi cha kumwambia. Mawimbi yakipasuka yanarusha vumbi dogo sana la chumvi angani, na mvuke unahitaji kitu cha kushikilia ili uwe tone. Vumbi la chumvi, vumbi la udongo, moshi, vyote vinafanya kazi hiyo. Chumvi kidogo iliyoruka baharini inasaidia wingu kuzaliwa, ila ni kidogo mno kwa ulimi kuionja.

---

Fundi_Kadutu

Bukavu tupo. Mwalimu umesema mengi ya baharini lakini sisi huku adui ni mteremko. Najenga Kadutu na Bagira, naona nyumba zinavyopandana hadi juu kabisa, na Funu ardhi inatembea yenyewe. Sasa niambie, mafuriko ya Kalehe 2023 yaliletwa na bahari? Zaidi ya watu 400 walikufa Bushushu na Nyamukubi. Kama bahari inatoa habari mapema, mbona hatukuambiwa?

---

Mwalimu_Katindo

Fundi, swali lako ni zito, nitajibu bila kuzunguka.

Kalehe ilikuwa tarehe 4 Mei 2023, msimu wa pili, si msimu wa Oktoba. Joto la bahari linatuambia vizuri zaidi kuhusu mvua za mwisho wa mwaka. Mvua za Machi hadi Mei ni ngumu zaidi kutabiriwa, wataalamu wote wanalalamikia hilo. El Niño (Bahari ya Pasifiki kupata joto) ya mwaka ule ilitangazwa mwezi Juni, baada ya msiba. Na hata msimu ukijulikana utakuwa na mvua nyingi, hakuna joto la bahari litakalokuambia *usiku huu* mto *huu* utashusha mawe. Kwa hilo unahitaji vipimo vya mvua juu ya milima, na mtu wa kupiga simu chini. Siku moja tu kabla, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, watu zaidi ya 130 walikuwa wamekufa ng'ambo, Rwanda. Mvua kubwa zilikuwa tayari zimezunguka ziwa lote, udongo umeshiba maji, na mlima ulioshiba hauhitaji mvua kubwa sana ili uanguke.

Mafuriko ya Uvira nayo, Aprili 2020, yalikuja miezi michache tu baada ya ule mwaka wa Dipoli kali. Udongo ulikuwa umelowa tangu Oktoba. Siwezi kukuambia bahari ndiyo iliyoua. Nasema ile miezi iliyotangulia ilikuwa inaonekana tangu Septemba 2019 kwa mtu anayefuatilia, na ulikuwepo muda wa kuhamisha watu kandokando ya mito.

---

Fundi_Kadutu

Nimekuelewa. Na hewa ikizidi kupata joto?

---

Mwalimu_Katindo

Kila nyuzi moja ikiongezeka, hewa inaweza kushika mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. Ikiuachilia, inauachilia kwa wingi. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia limemezwa na bahari, ndiyo maana nasisitiza kuiangalia. Na mteremko ulioukuta una miti, ukiuacha na miti, utakushukuru. Wewe fundi unajua kuliko mimi.

---

Katuba_Lshi

Wakubwa wa Kivu, yambo. Lubumbashi inasoma.

Huku kwetu hakuna misimu miwili. Mvua inakuja mara moja: Oktoba inaanza kugusagusa, Novemba hadi Machi inanyesha kweli, Aprili inaaga. Kisha Mei hadi Septemba hakuna kitu, Juni na Julai baridi inauma na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye bukari (ugali). Nakumbuka 2024 ilivyokuwa. Jirani zetu wa Zambia walikauka hadi serikali yao ikatangaza janga la kitaifa mwezi Februari, bwawa la Kariba likashuka vibaya, umeme ukakosekana. Mahindi mengi tunayokula yanatoka kule. Mama nyumbani akawa anapima unga kwa kikombe kidogo. Sasa nasikia msimu huo huo El Niño ililetea Afrika Mashariki mafuriko. Inawezekanaje kitu kimoja kilowanishe Kivu na kikaushe Katanga?

---

Mwalimu_Katindo

Katuba, swali hili nilikuwa nalisubiri.

El Niño ni kupata joto kwa Pasifiki, mbali kabisa, upande wa Peru na katikati ya bahari ile. Hewa inapanda sana juu ya maji yale ya moto. Hewa iliyopanda lazima ishuke mahali, na inaposhuka inakauka na kuzuia mawingu. Kusini mwa Afrika ni mojawapo ya sehemu ambako inashuka wakati wa miezi yenu ya mvua, Desemba hadi Februari. Upande wa Ikweta, mashariki, mambo ni kinyume: El Niño mara nyingi inakuja pamoja na ile Dipoli ya Bahari ya Hindi, na mvua za Oktoba hadi Desemba zinaongezeka. Mwaka 2023 zilikuja zote mbili.

Nchi yetu ni kubwa mno. Iko pande zote mbili za Ikweta na inafika hadi nyuzi 13 kusini. Bahari moja ikipata joto, Kivu inaweza kuzama na Katanga ikapata kiu katika msimu mmoja. Ndiyo maana tangazo moja la redio kwa "Kongo nzima" halitusaidii. Wewe wa Lubumbashi ufuatilie Pasifiki kwanza. Mimi wa Goma nifuatilie Hindi kwanza.

Na Januari 2024 mto Kongo wenyewe ulifika kimo ambacho haukukifikia kwa zaidi ya miaka 60, tangu mafuriko yaliyofuata mvua za 1961. Angalia miaka hiyo miwili inavyokutana na ile niliyoitaja juu.

---

Katuba_Lshi

Aksanti sana mukubwa. Nitamtumia mjomba wangu mwenye shamba Kipushi.

---

Binti_wa_Rutshuru

Kuna jambo ambalo watu wa Goma huwa hawaliamini nikiwaambia. Mvua inayoangukia upande wenu wa volkano inaingia Kivu, inatoka Bukavu kwa Ruzizi, inateremka karibu mita 700 hadi Tanganyika, inapita Lukuga pale Kalemie, inaingia Lualaba, inaishia Atlantiki. Ile inayoangukia kwetu Rutshuru inakwenda Ziwa Eduard, Semuliki, Ziwa Albert, Nili, na kumalizikia Mediterania. Milima ile ile, wingu lile lile, bahari mbili tofauti. Zamani Kivu yote ilikuwa inateremkia kwetu kaskazini, hadi volkano za Virunga zilipoziba njia.

---

Mwalimu_Katindo

Dada, umeleta kilichokosekana. Nilieleza maji yanavyokuja, wewe umeeleza yanavyorudi.

---

Mama_Shukuru

Nimerudi. Sisi Ndosho hatuna mto hata mmoja, maji ya mvua yanazama kwenye mawe meusi yanapotea. Ziwani ni mbali na bidoni ni nzito. Nikitega mabati yangu nitapata kiasi gani kweli? Nyumba ni mita 6 kwa 8.

---

Agro_Lwiro

Mama, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako ni mita za mraba 48. Mvua nzuri ya milimita 40 ni lita 1,920, yaani bidoni 96 za lita 20. Utapoteza kidogo kwa kumwagika, lakini ni maji mengi kwa jioni moja.

Hadhari moja, na naisema kwa uzito. Moshi wa Nyiragongo una gesi zenye asidi na floridi, na mvua ikipita ndani yake inazibeba. Asidi hiyo hiyo inakula mabati. Maji hayo ni mazuri kufua, kuosha, kujengea. Kwa kunywa, hasa watoto ambao meno bado yanaota, tafuta maji mengine ukiweza, kwa sababu kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu lakini hakuondoi floridi. Mvua ya kwanza baada ya siku nyingi kavu iache ioshe paa, usiitege.

---

Kibumba_Viazi

Mwalimu mimi ndiye yule mkulima uliyemtaja mwanzo. Nimesoma yote. Niambie tu kwa vitendo: nikijua mwezi wa nane kwamba Bahari ya Hindi imepata joto upande wetu, nifanye nini shambani?

---

Mwalimu_Katindo

Baba, mwisho wa Agosti kituo cha hali ya hewa cha IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe na mashariki ya Afrika) kilichoko Nairobi, ICPAC, hutoa utabiri wa Oktoba hadi Desemba. Kongo haimo kwenye jumuiya hiyo lakini Rwanda, Uganda na Burundi zimo kwenye ramani yake, na ukiziona hizo umeshaiona Kivu. Idara ya hali ya hewa ya Australia nayo inachapisha kipimo cha Dipoli, kikipita 0.4 juu ya sifuri na kubaki hapo wiki kadhaa, jiandae kwa maji.

Upande wa viazi amuongoze Agro.

---

Agro_Lwiro

Baba Kibumba, mwaka wa maji mengi ugonjwa wa kwanza ni mildiu, ule wa majani kuwa meusi na kuoza ndani ya siku chache. Usipande shamba lote aina moja ya mbegu. Tafuta mapema ile inayovumilia, na dawa uwe nayo nyumbani kabla ya mvua, kwa sababu ukisubiri uone doa la kwanza umechelewa. Panda kwenye matuta yanayokata mteremko, si yanayoufuata. Chimba mitaro Agosti wakati udongo ni mkavu. Maharagi yaweke sehemu ya juu isiyotuamisha maji.

Kipimo kikiwa chini, kinyume chake: usikimbilie kupanda mvua ya kwanza ya Septemba, ngoja ya pili na ya tatu, maana ile ya kwanza inaweza kukudanganya na mbegu ikafia ardhini.

---

Kibumba_Viazi

Vizuri. Nina jirani watatu wenye mashamba juu yangu, maji yao yote yanashukia kwangu. Nitawaita tuchimbe mtaro mmoja mrefu kwa pamoja. Mwalimu, Agosti ukiona ramani hiyo ya Nairobi iweke hapa hapa kwenye uzi huu, nitawasomea.